Kikaratasi kisichokuwa na sahihi

Jumatatu ya Septemba 13, 1948, watu wa jimbo la Maine walikwenda vituoni kumchagua seneta. Marekani nzima ilikuwa ikisubiri Novemba, lakini Maine, kule kaskazini mashariki kwenye baridi, ilikuwa na kalenda yake yenyewe. Matokeo hayakumshangaza mtu. Margaret Chase Smith wa chama cha Republican alipata kura 159,182, yaani asilimia 71. Mpinzani wake wa Democratic, Adrian Scolten, daktari wa ngozi kutoka Portland, aliambulia 64,074. Tangu siku hiyo uchaguzi huu umesimuliwa kwa namna moja tu: mwanamke aliyebisha hodi Seneti mpaka akafunguliwa.

Hadithi hiyo ni ya kweli, ila inaanzia mwishoni. Septemba ilikuwa sherehe ya kukabidhi, maana mali ilikwisha nunuliwa Juni 21, siku ya kura za mchujo ndani ya Republican. Anayetaka kujua nini hasa kilitokea Maine mwaka ule aachane na Scolten na zile asilimia 71 za Smith, arudi nyuma miezi minne, mpaka Mei, wakati karatasi fulani zisizo na sahihi ya mtu zilipoanza kupita mkono hadi mkono.

Kwanza nieleze kwa nini Juni ilitosha. Maine ya wakati ule ilikuwa nyumba ya Republican, na Wademocrat walikuwa kama wapangaji wa chumba cha uani. Walikuwepo, hasa Lewiston na miji mingine ya viwanda walikokaa Wakatoliki wenye asili ya Kanada ya Kifaransa, lakini kwenye kinyang'anyiro cha jimbo zima hawakumtisha mtu. Katika uchaguzi wa urais wa 1936 Franklin Roosevelt wa Democratic alizoa majimbo 46 kati ya 48 yaliyokuwepo. Mawili yaliyomgomea yalikuwa Maine na jirani yake Vermont. Kabla ya hapo wanasiasa walikuwa na msemo kwamba iendako Maine ndiko iendako nchi, kwa kuwa Maine ilipiga kura mapema na watu wakaichukulia kama ndege wa ubashiri. Baada ya 1936, James Farley, mpiga debe mkuu wa Roosevelt, aliugeuza msemo kwa kejeli: iendako Maine, ndiko iendako Vermont. Kejeli haikuwazindua wote. Septemba 1948 wapo waliotazama ushindi mnene wa Republican kule Maine wakaona tayari Thomas Dewey, mgombea urais wa chama hicho, yuko Ikulu. Novemba ikaja, akashinda Harry Truman wa Democratic.

Basi kwenye jimbo la namna hiyo, mchujo ndio uchaguzi. Na kiti chenyewe kilikuwa kinono. Wallace White, kiongozi wa waliokuwa wengi katika Seneti, alikuwa anastaafu. Kila jimbo la Marekani lina maseneta wawili, liwe na watu wengi au wachache. Sensa ya 1950 iliihesabia New York watu karibu milioni 15. Maine walikuwa hawajafika milioni moja. Kura zao ndani ya Seneti zilikuwa sawasawa. Msomaji wa Kenya hahitaji kufafanuliwa sana hapa, maana seneta wa Lamu na seneta wa Nairobi wanakaa ukumbi mmoja na kila mmoja amechaguliwa kutoka kaunti moja. Kiti cha Seneti katika jimbo dogo ni mamlaka makubwa yanayopatikana kwa kura chache, na ndiyo maana watu wakubwa hukipigania.

Watu wakubwa walijitokeza kweli. Wa kwanza alikuwa Horace Hildreth, gavana aliyekuwa madarakani, mwanasheria mwenye fedha, ambaye miaka michache baadaye angekuwa balozi wa Marekani nchini Pakistan. Wa pili, Sumner Sewall, gavana aliyemtangulia Hildreth, rubani aliyeangusha ndege za Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, mtoto wa ukoo uliojenga meli mjini Bath tangu enzi za matanga. Wa tatu alikuwa mchungaji, Albion Beverage, ambaye hakuna aliyemtarajia kushinda. Magavana wawili, mmoja ana serikali mkononi na mwingine ana jina la ukoo. Wa nne alikuwa Smith, mjane wa miaka 50, binti wa kinyozi.

Skowhegan, alikozaliwa Desemba 14, 1897, ni mji wa viwanda ukingoni mwa mto Kennebec. Baba alinyoa watu. Mama, pamoja na kulea, alihangaika na vibarua, hadi kiwanda cha viatu. Binti hakwenda chuo kikuu. Alifundisha shule kwa muda mfupi, akawa opereta wa simu, akafanya kazi kwenye gazeti la mji akishughulikia usambazaji na wateja. Ukizitazama kazi hizo kwa jicho la siasa utaona jambo. Opereta wa simu katika mji mdogo anajua nani anampigia nani. Msambazaji wa gazeti anajua kila mlango. Mwaka 1922 alikuwa miongoni mwa waliounda klabu ya wanawake wa biashara na taaluma mjini Skowhegan, na kabla muongo haujaisha alikuwa rais wa shirikisho la klabu hizo kwa jimbo zima. Nitarudi kwenye klabu hizi, maana wachambuzi wengi huzipita haraka kama vile zilikuwa vikao vya chai.

Mwaka 1930 aliolewa na Clyde Smith, mwanasiasa aliyemzidi miaka 21. Clyde akaingia Baraza la Wawakilishi la Marekani, Margaret akawa katibu wake ofisini Washington. Aprili 1940 moyo ulimwangusha Clyde. Siku moja kabla ya kufa alitoa tamko akiwaomba wapiga kura wamchague mkewe, kwa sababu hakuna aliyezijua fikra na mipango yake kama yeye. Juni 3 mwaka huohuo mjane akachaguliwa kumalizia muda wa mumewe, na Septemba akapewa muhula kamili.

Kurithi kiti cha mume lilikuwa jambo la kawaida Marekani wakati ule, na kwa chama lilikuwa la manufaa: mjane anakalia kiti mpaka wanaume wakubaliane nani akichukue. Hattie Caraway wa Arkansas, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa Seneti, aliingia kwa mlango huo baada ya kifo cha mumewe. Rebecca Felton wa Georgia, wa kwanza kabisa kuapishwa mwaka 1922, aliteuliwa na gavana na akakaa siku moja. Mwaka 1948 hapakuwa na mume wa kumrithi. White alikuwa hai, anastaafu zake. Kwa hiyo Smith, akitaka kiti hiki, ilimbidi akitafute kwa jasho, na ndipo mzaha ulipoanza kuwatoka baadhi ya vigogo wa chama. Mjane wa Clyde kuwa mbunge ni sawa. Mjane wa Clyde kumpinga gavana ni kitu kingine.

Alitangaza nia mapema, katikati ya 1947, mwaka mzima kabla ya mchujo. Siku za kazi alikuwa Washington akihudhuria vikao, mwisho wa juma yuko Maine barabarani. Februari 1948 aliteleza kwenye barafu mjini Bangor akavunjika mkono. Walimfunga plasta, akaingia garini, akaenda Rockland, mwendo wa zaidi ya saa moja, kutoa hotuba aliyokuwa ameahidi jioni hiyo. Kisa hiki hupendwa na wasimulizi kwa sababu ya ushujaa wake. Mimi kinanivutia kwa sababu ya Rockland. Ulikuwa mji mdogo wa wavuvi, wasikilizaji si wengi, na mgombea mwenye fedha angetuma salamu za pole kwa simu. Yeye alijua kwamba katika jimbo la watu laki tisa, hadithi ya mama aliyefika na mkono umefungwa itafika mbali kuliko hotuba yenyewe.

Mchungaji alikuwa na mke, na inasemekana ndiye aliyeuliza hadharani kwa nini Maine impeleke mwanamke Washington wakati inaweza kupata mwanamume. Smith alijibu kwa hoja iliyokuja kumpa sifa: mwanamke nyumbani hutunga kanuni kama bunge, huzisimamia kama serikali, na huamua kesi za wanaozivunja kama mahakama. Ukumbi ulicheka na kupiga makofi. Sijawahi kulipenda jibu hilo, nikiri. Huyu alikuwa amekaa miaka kwenye kamati ya jeshi la majini wakati wa vita, jimboni kwake viwanda vya Bath vikishusha manowari na South Portland ikijenga meli za mizigo. Juni 12, 1948, siku tisa kabla ya mchujo, Truman alitia sahihi sheria ya kuwaingiza wanawake katika majeshi kama askari wa kudumu, sheria ambayo Smith aliipigania Bungeni wakati wenzake wengi wakitaka wanawake wabaki akiba. Mtu mwenye rekodi ya namna hiyo alilazimika kuazima sifa zake jikoni. Lakini alijua anaongea na nani, na mimi nilikuwa sigombei.

Sasa tuje kwenye kikaratasi.

Mwaka huo wa 1948 zilianza kusambaa karatasi za chapa zisizoonyesha aliyeziandika wala aliyezilipia. Zilimshambulia Smith kwamba si Mrepublican wa kweli, kwamba ni kibaraka wa vyama vya wafanyakazi, na, tuhuma iliyochoma kuliko zote, kwamba kura zake Bungeni zilifanana na za Vito Marcantonio. Huyu alikuwa mbunge wa East Harlem, New York, kutoka chama cha American Labor, aliyejulikana nchi nzima kwa kuunga mkono mambo ya mrengo wa kushoto kabisa. Mwaka 1948, Berlin imezingirwa au inakaribia kuzingirwa na Czechoslovakia imekwisha kwenda, kumfananisha mtu na Marcantonio ilikuwa njia ya kumwita Mkomunisti bila kulitamka neno.

Hesabu iliyotumika inastahili kuangaliwa kwa makini, maana haijafa. Bungeni kuna kura nyingi za majina kila mwaka. Nyingi hazina ubishi: bajeti ya idara, mafao ya askari wastaafu, marekebisho ya taratibu. Chukua wabunge wawili wowote wanaochukiana, hesabu mara walizopiga kura upande mmoja, hutakosa kupata mamia kwa miaka minane. Kinachobaki ni kuchagua zipi uhesabu na zipi uache, kisha uandike asilimia pembeni ya jina baya. Kila takwimu ni ya kweli. Jumla yake ndiyo uongo. Na mjibu hoja yuko kwenye shida, kwa sababu hawezi kusema "sikupiga kura hiyo". Alipiga.

Waswahili tuna methali mbili zinazogombana juu ya jambo hili. Moja yasema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nyingine yasema njia ya mwongo ni fupi. Wafitini wa Maine waliitegemea ya kwanza.

Smith hakukimbilia redioni kulia. Aliacha karatasi zizunguke kwanza, kisha Mei 21 akasimama mjini kwake Skowhegan mbele ya wanawake wa Republican wa kaunti ya Somerset, akazisoma tuhuma moja baada ya nyingine na kuzijibu kwa kumbukumbu za Bunge. Kura hii ilihusu nini. Ile ilihusu nini. Kwenye nyingi kati ya hizo, Warepublican wenzake walio wengi nao walipiga vivyo hivyo. Je, nao ni watu wa Marcantonio? Ilikuwa hotuba kavu, ya tarakimu. Watu waliomsikiliza walikuwa wanamjua tangu akiunganisha simu zao.

Hapa ndipo zile klabu zinapoingia. Maine wakati huo ilikuwa na viti vitatu katika Baraza la Wawakilishi, na Smith alikuwa mbunge wa wilaya ya pili ya uchaguzi. Theluthi mbili ya jimbo haikuwa imewahi kumpigia kura. Magavana walikuwa na watumishi wa serikali na makada kila kata. Yeye alikuwa na wanawake aliowajua kwa majina tangu miaka ya 1920: makatibu muhtasi, walimu, wenye maduka ya nguo, mafundi. Bila malipo, waliandika kadi za posta kwa mkono, wakawapigia jirani, wakapeleka majibu ya Skowhegan kila mahali kikaratasi kilikokuwa kimetangulia. Kampeni yake iligharimu dola elfu chache. Karatasi ya chapa ilimfikia mpiga kura bila jina la mtu. Jibu lilimfikia kutoka kwa mama wa duka la pili. Ndiyo maana nasema mjini mdogo swali la kwanza si "ni kweli?" bali "nani kasema?", na kikaratasi hakikuwa na jibu la swali hilo.

Juni 21 Smith alipata kura 63,786. Hildreth alipata kama elfu 31, Sewall kama elfu 22, mchungaji elfu sita na ushei. Nazitaja namba hizi kwa sababu kuna maelezo ya uvivu yanayopenda kurudiwa, kwamba magavana wawili waligawana kura na mwanamke akapita katikati. Jumlisha. Wote watatu kwa pamoja hawakumfikia. Hata wangemwachia mmoja wao na wafuasi wote wakamfuata kama kondoo, angeshindwa.

Lakini je, ni udogo wa Maine uliomwokoa, au ni bahati? Tuna mahali pa kupima. Miaka miwili baadaye, California, jimbo lililokuwa na watu zaidi ya milioni kumi, Richard Nixon aligombea Seneti dhidi ya Helen Gahagan Douglas, mbunge wa Democratic. Timu ya Nixon ilichapisha karatasi ikilinganisha kura za Douglas na za nani? Marcantonio yuleyule. Walidai wamefanana mara 354. Ilichapwa kwenye karatasi ya waridi, rangi inayokaribia nyekundu ya wakomunisti kiasi cha kueleweka, na nakala zake zilizidi nusu milioni. Nixon alishinda kwa asilimia 59.

Silaha ni ileile, aliyelengwa ni mwanamke tena, matokeo ni kinyume. Nisiibane hoja kupita kiasi, kwani tofauti nyingine zilikuwepo. Douglas alikuwa Mdemocrat wa kushoto kweli, Smith alikuwa na ngao ya chama kinachotawala jimbo. Vita vya Korea vilizuka Juni 1950, na hofu ya Novemba ya mwaka huo haikuwa hofu ya 1948. Hata hivyo siwezi kuacha kulitazama lile la nakala nusu milioni. Katika California mtu alipokea karatasi ya waridi kutoka kwa asiyemjua, ikimhusu asiyemjua, na hakuwa na mama wa duka la pili wa kumuuliza. Njia ya mwongo huwa fupi pale tu watu wanapokaa karibu.

Januari 1949 Smith aliapishwa, mwanamke peke yake kati ya maseneta 96, na wa kwanza kupata kukaa katika mabunge yote mawili ya Marekani. Mwaka uliofuata, Februari, Joseph McCarthy, seneta wa Republican kutoka Wisconsin, alisimama Wheeling, West Virginia, akadai ana orodha ya wakomunisti walio wizara ya mambo ya nje. Smith mwanzoni alidhani huenda mwenzake ana kitu, akaomba kuona ushahidi. Hakuonyeshwa kilichomridhisha. Juni 1, 1950 alizungumza Seneti kwa robo saa. Hakumtaja McCarthy. Alisema hataki kuona chama chake kikipata ushindi juu ya farasi wanne wa kashfa: Hofu, Ujinga, Chuki na Fitina. Maseneta sita wa Republican walitia sahihi tamko aliloambatanisha, na si bure kwamba wawili kati yao walitoka New Hampshire na Vermont, majirani wadogo wa Maine. McCarthy aliwabandika jina la Snow White na vibeti wake sita, akiazima hadithi ya watoto.

Hotuba hiyo huitwa ujasiri, nami sina ubishi. Ila wengi huitaja kana kwamba ilimshukia kutoka mbinguni. Alikuwa ameifanyia mazoezi Skowhegan miaka miwili kabla. Alikuwa ameshalishika karatasi lenye uongo uliojengwa kwa tarakimu za kweli, na alijua, jambo ambalo maseneta wengi waliomwogopa McCarthy hawakulijua, kwamba mtu anaweza kulijibu na bado akachaguliwa. Gharama aliilipa. Mwaka 1951 McCarthy alimwondoa kwenye kamati ndogo ya uchunguzi, akampa nafasi hiyo seneta mpya wa California, yule wa karatasi za waridi.

Mwaka 1954 fitina ilirudi Maine. Kijana aitwaye Robert Jones, mwenye baraka za McCarthy, alimpinga Smith kwenye mchujo wa Juni. Alipigwa kama tano kwa moja. Hapa ningeweza kufunga hesabu na kusema jimbo dogo halidanganyiki, na ningekuwa nadanganya mwenyewe. Mwezi uleule, Juni 19, Lester Hunt, seneta wa Wyoming, alijitoa uhai ofisini kwake Washington. Wyoming ilikuwa na watu chini ya laki tatu, ndogo mara tatu kuliko Maine. Hunt, Mdemocrat, alikuwa amekabiliwa na vitisho vya kisiasa: aache kugombea tena, au jambo la aibu lililomhusu mtu wa familia yake lipelekwe kwa wapiga kura nyumbani. Alitangaza hagombei; siku chache baadaye akafa. Ukaribu uleule uliomlinda Smith ndio uliogeuzwa kisu kwa Hunt. Smith alichafuliwa kwa uongo kuhusu kura za Bunge, na majirani walikuwa na uwezo wa kuupima. Hunt alitishwa kwa jambo lenye mbegu ya ukweli, na mahali ambapo kila mtu anamjua kila mtu, hofu ya macho ya jirani ni nzito kuliko karatasi nusu milioni za California.

Kuhusu Smith, aliendelea kushinda. Mwaka 1960, Maine ikiwa imekubali sasa kupiga kura Novemba kama wengine, alipambana na Lucia Cormier wa Democratic, mara ya kwanza vyama viwili vikubwa kusimamisha wanawake watupu kugombea kiti cha Seneti. Mwaka 1964 jina lake lilipelekwa kwenye mkutano mkuu wa Republican kuwania urais, akapata kura 27 za wajumbe. Alijivunia kutokosa kura Seneti, akafikisha 2,941 mfululizo kabla ya mfululizo huo kukatika mwaka 1968.

Hiyo rekodi ya mahudhurio ndiyo niliyoifikiria nilipofika 1972. Mtu asiyekosa kura Washington hawezi kuwa Rockland jioni ya Ijumaa. Kufikia mwaka huo alikuwa na miaka 74, na hakuwa na ofisi ya kudumu yenye wafanyakazi ndani ya jimbo lake. Wanawake wa kadi za posta walikuwa wamezeeka au wamekufa. William Hathaway, mbunge wa Democratic, alizunguka Maine mji kwa mji akipeana mikono. Hakuhitaji kikaratasi. Alipata asilimia 53, na Smith akarudi Skowhegan, kwenye nyumba iliyo juu ya mto Kennebec, alikokaa mpaka alipofariki Mei 29, 1995.